Mama Miguu Anakabidhi Chumba cha Wadudu

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mama Miguu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza chumba cha wadudu cha chuo chetu.

Wenye digrii walitaka kuandika wasifu huu, nikawakatalia. Wangetujazia Kilatini mpaka soda zipate moto. Mimi dereva wa chuo nimekanyaga nchi saba, nimelala hoteli zenye lifti, nimekula na mabalozi (meza ya jirani, lakini ukumbi ni uleule). Kote huko sijaona mtu anayempenda tandu kama mama huyu.

Jina alilipata kwa swali lake. Mletee kiumbe chochote, hata kiwe kinakutambaa shingoni, atakuuliza kwanza kina miguu mingapi. Safari yetu ya kwanza porini nilimpelekea nge, nikamtangaza kuwa kaa wa nchi kavu, maana nilimwona na magando. Hakunicheka. Alinihesabia taratibu: miguu minane ya kutembelea, papasi, zile nyuzi za kichwani za kupapasia njia, hana, basi huyu ni ndugu wa buibui na kupe. Kaa ana kumi ukijumlisha magando, na papasi jozi mbili; ukoo wake ni mmoja na kamba wa baharini. Mdudu halisi ana sita, na mwili wa sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Tandu ana jozi moja kila pingili, na anauma. Jongoo ana jozi mbili karibu kila pingili, na hana ugomvi na mtu. Wote ni jamaa moja: gamba nje, miguu yenye viungo. Nilirudi kwenye gari nikiwa profesa, na tangu siku hiyo sijanyamaza.

Mwaka jana nusura tumpoteze kabla ya wakati. Mkuu wa chuo aliamua kwamba mama akiondoka, chumba kiwe stoo ya viti, na vielelezo agawiwe yeyote atakayevitaka. Mama hakubishana. Alipungua tu. Chai ilimpoea mezani, yeye ambaye kwa kupenda chai alikuwa hamwachi mtu amalize sukari.

Fundi rangi akaletwa. Alitoa trei zote, akapaka kuta, kisha kwa kumwonea mama huruma akavirudisha vielelezo na kuvipanga kwa ujuzi wake mwenyewe: kwa rangi. Weusi huku, wekundu kule, tandu kalala ubavuni mwa kaa, nyigu na buibui wa manjano bega kwa bega kama maharusi. Tulipofungua mlango roho zilituruka. Fundi alikuwa anatabasamu, anangoja pongezi.

Mama alicheka mpaka akashika meza. Akamwambia, baba, kazi nzuri sana, sasa vuta kiti tuhesabu miguu. Mkuu alikuwa amekuja kupima nafasi ya viti; naye akapewa trei. Akasema ana kikao. Mama akamjibu, mwanangu, kikao hakina miguu, hakiendi popote. Saa ya chakula ikapita. Mkuu yuko sakafuni, koti pembeni, anabishana na fundi kama papasi za jongoo nazo zihesabiwe. Alipoinuka alijipangusa vumbi, akamtazama mama, akasema viti vitafutiwe pengine.

Sasa chumba kina mtunzaji mpya, mwalimu wa baiolojia aliyepita mikononi mwa mama akiwa mwanafunzi. Jumatatu nilimkuta mama akimwonyesha kaa aliye hai kwenye tangi, kajibanza nyuma ya jiwe, hali wala hatembei. Mwalimu alidhani anaumwa. Mama akamwambia haumwi, binti yangu, amevua gamba, na jipya bado laini. Asingelivua la zamani asingekua. Mwache ajifiche. Kisha akalitazama lile tangi muda mrefu, nami nikajifanya natafuta ufunguo wa gari mfukoni.

Mama Miguu, ahsante kwa kutuvumilia sisi wenye miguu miwili na makelele ya mia. Wiki za kwanza nyumbani huenda zikawa laini vilevile. Jifiche, mama, usione aibu. Ukiwa tayari nipigie simu, nitakuja kukuchukua. Tunakuombea maisha mapya yakukae mwilini sawasawa, na yasikubane popote.