Kila Chenye Gurudumu Kilie

ABDISALAM: Haloo? Haloo? Nani mwenzangu?

WERIS: Asalaam aleikum, aboowe, kaka yangu. Ni mimi.

ABDISALAM: Waaleikum salaam. Mimi nani? Laini inakwaruza —

WERIS: Weris! Ukishakuwa diwani hata sauti ya dada yako huijui?

ABDISALAM: Abaayo! Sema haraka, simu hii ni ya karani wa baraza, na kikao kinaanza sasa hivi. Shemeji hajambo?

WERIS: Hajambo. Nimemwacha kivulini kwenye ukuta wa msikiti, anavuta tasbihi. Mimi niko kibanda cha simu, posta. Sikiliza, hiyo sheria yenu ya kengele —

ABDISALAM: Yetu? Ni ya mumeo! Dagane ndiye aliyetuletea.

WERIS: Najua nani kaileta. Nataka uikatae.

ABDISALAM: Niikatae?

WERIS: Nasikia kura zimegawanyika sawa, yako ndiyo itakayoamua. Ikatae.

ABDISALAM: Weris, mumeo ni kipofu. Zamani mikokoteni ya maji ilikuwa na magurudumu ya chuma, unaisikia tangu darajani. Sasa wote wamefunga matairi ya gari. Punda anapita mchangani kama paka. Mzee Ogle, naye haoni, si alivunjwa mbavu juzi tu? Tunachotaka ni kila punda avae koor shingoni, ile kengele ya mti ya ngamia —

WERIS: Punda avae koor! Aibu gani hiyo? Ngamia anavishwa asipotee nyikani. Punda wa maji atapotelea wapi, sokoni? Watu wa Mandera watatucheka.

ABDISALAM: Wacheke.

WERIS: Na makelele je? Watoto watalala saa ngapi?

ABDISALAM: Mtoto gani analala sokoni mchana? Abaayo, mficha maradhi kifo humuumbua. Sema ulicho nacho.

WERIS: Sina kitu. (laini inakwaruza) Mimi nimemwongoza mume wangu miaka yote hii. Nashika ncha moja ya bakora, yeye anashika ya pili. Nimewahi kumgongesha?

ABDISALAM: Hujawahi.

WERIS: Basi kengele za nini?

ABDISALAM: Ili atembee peke yake.

WERIS: Kwenda wapi?

ABDISALAM: Popote! Mtu aliyeswaga ngamia kutoka Lafey mpaka Liboi, leo hawezi kwenda kunywa chai bila —

WERIS: Hee! Umesema mwenyewe. Chai.

ABDISALAM: Nimesema nini?

WERIS: Chai ya nani? Ya Ramla! Yule mjane wa Kulow, banda lake liko hapa hapa ng'ambo ya barabara. Dagane anasema maziwa yake ya ngamia yana moshi mzuri. "Nani siku hizi anafukiza kibuyu cha maziwa namna hii, Weris?" Ananiuliza mimi! Mimi niliyemfukizia vibuyu tangu nywele zake zikiwa nyeusi!

ABDISALAM: (anacheka) Kwa hiyo —

WERIS: Usicheke! Nikiwa naye anakunywa bilauri moja, tunaondoka. Akienda peke yake atakunywa ngapi? Lisemwalo lipo, aboowe, kama halipo laja.

ABDISALAM: Nani kalisema?

WERIS: Mimi nalisema!

ABDISALAM: Huo ni wivu, abaayo.

WERIS: Ndiyo, ni wivu! Furahi sasa. Tangu macho yake yazime, anafuata sauti yangu tu. Mkimpa mji mzima wa kusikiliza, mimi nitabaki na nini?

(mlio wa simu ikidai sarafu)

WERIS: Ngoja, natia ya mwisho.

ABDISALAM: Weris, wananiita ndani. Siwezi kuwaambia madiwani eti dada yangu —

WERIS: Waambie wenye punda ni maskini. Waambie — eh!

ABDISALAM: Waambie nini?

WERIS: Ameondoka ukutani.

ABDISALAM: Nani?

WERIS: Dagane. Namwona kupitia kioo cha kibanda. Anatembea, yeye na bakora yake.

ABDISALAM: Labda anakutafuta.

WERIS: Anitafute na anajua niko posta? Posta ameipa mgongo. Anavuka. Wallahi anakwenda kwa Ramla! Si nilikwambia? Si —

ABDISALAM: Mwite basi.

WERIS: Simwiti. Nataka nione ataketi wapi.

ABDISALAM: Weris, hiyo ndiyo njia ya kutoka mtoni, mikokoteni yote —

WERIS: Niache nione.

ABDISALAM: Weris?

WERIS: (kimya)

ABDISALAM: Weris! Kuna nini?

WERIS: Mkokoteni. Nyuma yake. Mwenye punda kageuza kichwa, anaongea na mtu. Hausikii. Hausikii, aboowe — DAGANE! SIMAMA! DAGANE!

ABDISALAM: Toka nje! Kimbia! Haloo!

(kelele za watu, mkono wa simu unagonga ukuta)

ABDISALAM: Haloo? Weris! Ya Rabbi... Haloo?

WERIS: (anahema) Nipo.

ABDISALAM: Amegongwa?

WERIS: Hapana. Alhamdulillahi, hapana. Mkokoteni umempita hivi hivi.

ABDISALAM: Alhamdulillahi! Basi alikusikia.

WERIS: Hakunisikia. Nimepiga kelele ndani ya kibanda, mlango umefungwa, wala sikutoka. Niliuona mapema, Abdisalam. Nilikuwa natazama anakwenda kwa nani.

ABDISALAM: Sasa aliponaje?

WERIS: Amevutwa.

ABDISALAM: Na nani?

WERIS: Unaniuliza?

ABDISALAM: ...Ramla.

WERIS: Katoka bandani mbio, kamdaka mkono. Na hajauachia! Mkokoteni umeshafika kwa wauza miraa, yeye bado kaushika. Sasa anampangusa vumbi!

ABDISALAM: Abaayo, amemwokoa. Si maharimu wake, sawa, lakini hiyo ni dharura. Dini inaruhusu.

WERIS: Dharura?

ABDISALAM: Dharura.

(mlio wa simu ikidai sarafu)

WERIS: Basi iondoeni hiyo dharura! Nenda kapige kura. Punda wote, na baiskeli pia. Kila chenye gurudumu kilie! Sitaki mwanamke yeyote mji huu apate dharura tena.

ABDISALAM: Kwa hiyo niseme ndiyo?

WERIS: Iseme kwa nguvu! Nakwenda, bado hajamwachia mko—

(laini imekatika)