Chungu cha Mama Digna

Mwaka ule Mjerumani alipoamuru pamba, benchi la kivukoni Ifakara lilikuwa mtumbwi mbovu uliopinduliwa. Hapo Mama Digna aliuza kahawa, na wateja wake wa kila asubuhi walikuwa watatu: Kasia, mvushaji, Perege, mvuvi mwenye tumbo linalomtangulia, na Marselino, aliyebatizwa juzijuzi, ambaye ukimwita kwa jina hilo hageuki mpaka umguse bega. Huyo ndiye msimamizi wa shamba la pamba. Shamba halijaota hata jani. Leo tarishi, mjumbe wa akida wa Mjerumani, anakuja kuuliza sababu, na ikimchukiza, kuna mtu atalala kifudifudi achapwe.

PEREGE: Sema ni kambale. Mafuriko yalipopanda, wakatembea mpaka shambani, wakala mbegu zote.

KASIA: Shamba liko kilimani, we!

PEREGE: Basi walipumzika njiani.

KASIA: Hapana. Mbegu za Kizungu haziamki bila tarumbeta. Nani alizipigia?

PEREGE: Au zimeotea chini. Saa hizi wanavuna huko Ujerumani, wanashangaa!

MARSELINO: Chekeni tu. Mgongo ni wangu.

MAMA DIGNA: Mbegu mmezichemsha wenyewe, kwenye chungu changu, halafu mnamsingizia kambale!

PEREGE: Polepole, mama! Zingeota tungeshinda kwenye pamba, mpunga wetu ukaliwa na ndege. Watoto wangetafuna pamba?

MAMA DIGNA: Sijakataa. Lakini chungu mngekisugua! Mmenirudishia hivyo hivyo, nami nimeshapikia kahawa.

Kabla hawajajibu, tarishi akafika kwa mtumbwi wake, akashuka.

— Shikamoo, bwana.

— Marahaba. Kahawa ipo?

Akapewa kikombe. Akanywa funda moja, akasita, akavuta kitu mdomoni. Uzi mweupe, mrefu. Akauangalia juani, kisha akaangalia kule kilimani kwenye shamba tupu.

— Chungu hiki kilipikiwa nini?

Kasia akautazama mto. Perege akalitazama tumbo lake. Hata kambale hawakutajwa tena.

— Basi nauliza jepesi. Chungu cha nani?

Mama Digna akajifuta mikono, akafungua kinywa.

— Changu, bwana — mtu akamuwahi. Mama huyu nimemwazima tu.

— Wewe ni nani?

— Marselino.

Alikuwa ameshasimama, wala hakuna aliyemgusa bega.