Maman Dative, Aliyebeba Darasa Mgongoni Hadi Bweyeye

Tarehe 30 Juni mwaka huu Maman Dative Mukamusoni anakabidhi funguo za ofisi ya mafunzo endelevu na kustaafu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi katika hospitali yetu. Miaka kumi na saba ya kwanza alikuwa mkunga wa wodi ya wazazi. Iliyofuata yote alikuwa yule mtu anayekungoja mlangoni mwa chumba cha chai ili akukumbushe kwamba leseni yako ina mwisho.

Kwa ndugu na wageni ambao hawafanyi kazi wodini, tueleze kidogo. Muuguzi au mkunga hana ruhusa ya kumhudumia mgonjwa bila leseni, na leseni hiyo haiongezwi muda mpaka mwenyewe awe amekusanya alama za mafunzo zinazotakiwa. Alama zikipungua, diploma inabaki ukutani na mwenye diploma anabaki nyumbani. Kwa miaka kumi na miwili, kazi ya Maman Dative ilikuwa kuhakikisha kwamba hilo halimpati yeyote kati yetu. Liliwahi kukaribia kutupata mara moja tu, na mkurugenzi ameruhusu liandikwe hapa. Maman Dative mwenyewe, alipoulizwa, alisema kwamba wasifu usiolitaja yeye hatausoma.

Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, kwa wazazi Wanyarwanda, akasomea uuguzi huko huko, kwa Kifaransa. Alivuka daraja la Ruzizi kurudi nyumbani Rwanda katikati ya miaka ya tisini, akiwa na sanduku moja na koti jeupe ambalo mama yake alikuwa amelipiga pasi na kulifunga katika kitenge lisijikunje. Wenzake wa wakati ule wamebaki wachache, na wanaikumbuka wodi ya wazazi kama chumba chenye madirisha makubwa, harufu ya sabuni ya mche, na mizani iliyoazimwa kwa wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Maman Dative aliisugua mizani ile kwa maji ya moto hadi wenye mizani wakaja kuuliza kama bado ni ya kwao. Baadhi ya wafanyakazi wanaosoma jarida hili walipimwa juu yake siku waliyozaliwa. Yeye anawajua. Huwataja kwa uzito wao, na mara nyingine mbele ya watu.

Walioishi siku zile wanasema kazi ilikuwa nyingi na watu walikuwa wachache, lakini chai ilinywewa pamoja. Mkate ulitoka Bukavu asubuhi. Mtu alipochoka, mwenzake alimshikia zamu bila kuandika popote. Maman Dative anapozungumza juu ya miaka hiyo husimama karibu na dirisha na kuangalia upande wa ziwa, na sisi wadogo tunajua hazungumzi na sisi.

Kisha ikaja sheria ya mafunzo ya lazima. Haikupokelewa vizuri. Mzee Niyomugabo wa chumba cha upasuaji, ambaye sasa amekwisha kustaafu, alisimama katika mkutano na kusema, kwa Kiswahili chetu cha mpakani ambamo njo ni ndiyo, maneno ambayo bado yanarudiwa chumba cha chai: "Nilichoma baba sindano, nikachoma mutoto wake, sasa niko nachoma mujukuu. Njo banirudishe ku masomo?" Watu walipiga makofi. Maman Dative alikuwa mmoja wao. Hajawahi kuficha jambo hilo.

Kilichombadilisha ni mafunzo ya kwanza aliyokwenda kwa shingo upande. Mwalimu alionyesha jinsi ya kumngoja mtoto mchanga kabla ya kumkata kitovu, ili damu iliyo yake imfikie yote. Maman Dative alikuwa amefundishwa kukata mara moja, na alikuwa amekata mara moja miaka yote, kwa mkono mwepesi ambao kila mtu aliusifu. Siku ile hakula chakula cha mchana. Aliporudi wodini alimtafuta mkunga aliyekuwa amemshikia zamu, akamwambia aweke kikombe chini, akamfundisha palepale alichojifunza. Mwenzake akamuuliza kwa nini haraka hivyo. Akajibu: "Kesho asubuhi utazalisha. Sitaki umukatie mutoto wa muntu kama nilivyokuwa nakata."

Hapo ndipo ulipoanza ule utaratibu tunaouita kulipa zamu. Anayetoka mafunzoni haendi kunywa chai kabla hajamfundisha yule aliyebaki kazini kwa niaba yake. Hakuna sheria inayotaka hivyo, na anayefundishwa hapati alama hata moja. Lakini katika hospitali hii halipwi mtu zamu kwa zamu. Analipwa kwa somo. Aliyejaribu kupita dirishani ili awahi chai alimkuta Maman Dative amesimama nje, na hatutamtaja kwa sababu siku hizi ni mkuu wa wodi.

Alipopewa ofisi ya mafunzo alipewa pia Fiston. Fiston ni mwanasesere wa mpira, mkubwa kama mtoto mchanga, anayetumika kujifunza kumsaidia mtoto asiyepumua. Ukimpulizia hewa vizuri kifua kinapanda, ukikosea kinakaa kimya. Ana plasta kichwani tangu alipoanguka kutoka mezani, na Maman Dative alimtaka aliyemwangusha aandike taarifa kamili ya ajali, kama ya mtoto wa kweli.

Sasa lile jambo lililokaribia kutupata, ambalo lilianzia Bukavu. Tumelihakikisha kwa watu wawili waliokuwepo.

Mwaka 2018 leseni za wakunga wanne zilikuwa zinakaribia mwisho, na alama zao hazikutosha. Mafunzo yaliyokuwepo yalikuwa Kigali, siku nzima ya basi kupitia msitu wa Nyungwe. Wakati huo huo Maman Marguerite, aliyesoma na Maman Dative darasa moja, alikuwa anafundisha juu ya kutokwa damu baada ya kuzaa, hapo ng'ambo, Bukavu. Maman Dative hakufikiri mara mbili. Wakunga wanne walivuka daraja asubuhi na jeton zao mkononi, yaani vile vibali vya kuvuka mpaka kwa siku moja, pamoja na wanawake wanaopeleka nyanya na maziwa, wakarudi jioni, siku tatu mfululizo. Mafunzo yalikuwa mazuri sana. Walirudi na vyeti vyenye mihuri ya rangi mbili, na kila mmoja alilipa zamu yake kabla ya chai.

Vyeti vilipopelekwa Kigali kwa watoa leseni, alama hazikuongezeka. Mafunzo ya nje ya nchi yalipaswa kuombewa kibali kabla, na hakuna aliyekuwa ameomba. Watu wa mahali pengine wanaweza kushangaa kosa kama hili linawezekanaje. Hapa hatukushangaa. Kwa Maman Dative, nje ya nchi ilikuwa mahali pa kwenda kwa ndege. Bukavu ilikuwa kwa dada yake.

Alikwenda mwenyewe kwa mkurugenzi, Dokta Ghislain, kabla ya kuitwa. Alisema wakunga wasiandikiwe onyo lolote, kwani waliotumwa wao na aliyetuma yeye. Dokta Ghislain, ambaye anapenda mambo yaende kwa utaratibu, alimwambia kwa upole: "Maman, lakini Bukavu ni inchi ingine." Naye akajibu: "Najua, Dokta. Miguu yangu njo haijajua."

Watatu kati ya wale wanne walitafutiwa nafasi Kigali. Aliyebaki ni Jolie, na Jolie alikuwa mkunga pekee wa kituo cha afya kule Bweyeye. Siku zile tatu za Bukavu hospitali ilimpelekea mkunga wa kumshikia zamu, lakini sasa, watatu wakiwa Kigali, hakuwepo wa kupelekwa. Akiondoka kwenda Kigali, wanawake wa Bweyeye wangekuwa bila mkunga siku zote hizo. Asipoondoka, leseni yake ingekufa mwisho wa mwezi, na wangekuwa bila mkunga kwa muda ambao hakuna aliyeujua. Anayeijua barabara ile anaelewa maana yake: mwanamke mwenye uchungu, machela, vijana wa kubeba, na msitu upande mmoja.

Maman Dative alisema: "Jolie hawezi kutoka. Basi darasa njo litatoka." Safari hii aliomba kibali kwanza. Aliomba kwa maandishi, kwa simu, kisha tena kwa maandishi, mpaka mtu wa Kigali akamwomba apumzike kidogo. Kibali cha kufundishia Bweyeye kilikuja ikiwa imebaki wiki moja mwezi uishe.

Mvua ilikuwa ya mwezi wa Novemba. Dereva wetu Vénuste alifika na gari mahali fulani, na gari likakataa kwenda mbele zaidi. Vénuste alijitwika sanduku la vifaa. Maman Dative alimtoa Fiston, akamfunga mgongoni kwa kitenge, kwa sababu, kwa maneno yake, sanduku lingemvunja shingo. Wakaanza kupanda.

Watu waliokuwa mashambani waliwapa pole na hongera. Mwanamke wa umri wake mwenye mtoto mchanga si jambo la kila siku. Kwenye mteremko mmoja bibi kizee mmoja, aliyewahi kuishi Kongo, aliacha jembe akawafuata nyuma.

"Weye Maman, mutoto analowana kichwa. Uko mama wa namna gani?"

"Usijali, Koko," akasema Maman Dative. "Huyu namufufuaka kila wiki."

Vénuste anasema bibi alisimama, akafanya ishara ya msalaba, kisha akaharakisha kuwafikia kwa nguvu ambazo hakuwa anaonekana nazo. Ilibidi kitenge kifunguliwe katikati ya njia. Bibi alimbonyeza Fiston tumbo, akatazama plasta, akawatazama wote wawili. Mwishowe alisema: "Hata kama ni mupira. Funika kichwa. Bamama bengine bataona." Alivua kitambaa chake mwenyewe akamfunika. Akafuatana nao hadi kituoni, akaketi mwisho wa benchi, akasikiliza somo lote. Vénuste akiulizwa juu ya siku ile hujibu kwa kifupi: "Miye nilibeba sanduku. Mutoto alikuwa wa Maman."

Darasa lilikuwa na Jolie na wauguzi wawili wa kituo. Lilianza, likasimama kwa ajili ya mtoto mwenye homa, likaendelea. Siku ya pili, katikati ya somo, aliletwa mwanamke kutoka mlima wa pili, na wote wakahamia chumba cha kuzalishia. Waliokuwepo wanakiri kwamba walikuwa wametayarisha kila kitu na kwamba, Mungu awasamehe, kila mmoja alikuwa anangoja kuona kama mtoto atahitaji kupuliziwa. Mtoto alitoka akalia mwenyewe, kwa sauti kubwa, kabla hata hajafutwa. Jolie akangoja kitovu kama inavyotakiwa, akakata. Hakuna kilichohitajika. Maman Dative alicheka njia nzima ya kurudi. Alisema hiyo ndiyo siku anayoitaka: watu wanajua kila kitu, na hakuna anayewahitaji.

Leseni ya Jolie iliongezwa muda siku ya mwisho ya mwezi. Alipanda kilima kutafuta mtandao ili atume habari, na ujumbe wake uliofika ofisini ulikuwa na neno moja: "Imetoka." Maman Dative aliusoma, akafunga ofisi, akaja chumba cha chai. Alipofika aliuliza kama chai imebaki.

Tangu mwaka ule, darasa huenda kwa watu. Limekwenda Rwimbogo, limekwenda Nzahaha, na Bweyeye limerudi kila mwaka. Bibi yule alifariki mwaka juzi. Kitambaa chake bado kiko kichwani mwa Fiston, na anayefundisha hufundisha bila kukivua mpaka zamu ya kichwa ifike.

Ofisi ya mafunzo inabaki mikononi mwa Jolie. Bweyeye sasa kuna wakunga watatu, na wawili kati yao ni wale wauguzi waliokuwa darasani siku ile, ambao walirudi shuleni baadaye.

Limebaki jambo moja dogo. Mwezi wa Machi, ilipotayarishwa orodha ya mafunzo ya mwaka huu, jina la Maman Dative liliachwa nje. Ilifikiriwa kwamba anayestaafu mwezi wa sita hana haja ya alama. Asubuhi ile ile alikuja ofisini, akasoma orodha hadi mwisho, akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyemtoa. Aliyehusika alieleza kwa heshima. Maman Dative alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema: "Nyumba yangu iko kando ya barabara kule Nzahaha. Mwanamuke akishikwa na uchungu usiku na mvua inanyesha, hataniuliza kama niko mu retrete. Andika jina langu." Liliandikwa. Alihudhuria siku zote, akakaa mstari wa mbele, akampulizia Fiston hewa mpaka kifua kikapanda, na kabla ya chai alimlipa zamu mkunga aliyemshikia ofisi. Leseni yake imeongezwa muda wa miaka mitatu.

Maman Dative, tunakushukuru kwa alama tulizopata na kwa masomo ambayo hayakuwa na alama. Asante kwa mlango wa chumba cha chai. Uende vizuri nyumbani kwako Nzahaha, ulale usiku mzima, kahawa yako izae, na wajukuu wakusumbue kidogo tu. Majirani zako wawe na afya, na watoto wao walie wenyewe.

Orodha ya mwaka kesho imekwisha kuandikwa. Jina lako limo, na hakuna atakayeligusa.