Fundi Bado na Bomba Linaloshuka

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1958, mtoto wa kwanza wa baba mpiga chapa na mama mkunga. Mama alikuwa akisema uchungu wa huyu ulimchukua siku mbili nzima, wakati aliyemfuata, yaani mdogo wake wa kike anayewasomea wasifu huu, alitoka kabla maji hayajachemka. Mambo yakaendelea hivyo hivyo maisha yao yote.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, kisha akajiunga na shule ya ufundi. Mwaka 1976, kwenye mtihani wa mwisho, aliwekewa maswali matano. La kwanza lilimtaka achore pampu ya maji iliyopasuliwa katikati. Aliichora pampu, akachora nati zake, akachora na mizunguko ya kila skrubu, na kengele ikalia akiwa hajafungua ukurasa wa pili. Mwalimu aliibandika pampu ile ukutani, ikakaa miaka. Mchoraji mwenyewe alirudi nyumbani bila cheti. Baba alipombana, alijibu kwamba hakufeli, ila muda ulikuwa mfupi.

Tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa gereji ya kampuni ya mabasi, akakaa humo hadi kustaafu mwezi Juni 2013. Kazi yake ilikuwa turbo, lile konokono la chuma linalosukuma hewa ndani ya injini ili gari lipate nguvu mlimani. Wenzake walimbatiza Fundi Bado, kwa sababu madereva walipochungulia mlangoni kuuliza kama basi liko tayari, jibu lilikuwa hilo hilo. Haki yake apewe: basi lililotoka mikononi mwake halikurudi. Kilichowahi kurudi ni kitu kimoja tu, nacho kitaelezwa.

Tarehe 8 Desemba 1984 alimuoa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwanamke mwenye subira ambayo wifi yake hajawahi kuielewa. Walijaliwa watoto watatu. Mwaka 1991 alimnunulia mkubwa gari dogo la plastiki, la kuunganisha kwa gundi, la kukaa kwenye kiganja. Kabla ya kumpa mtoto, akafungua boneti. Akakuta injini ni donge tu, halina hata bomba moja. Aliudhika kama mtu aliyetukanwa. Akaanza kulitengenezea mabomba, na mtoto yule, ambaye sasa ana watoto wake, bado analisubiri gari lake.

Hapo ndipo meza ya kulia chakula ilipopotea. Sindano za cherehani ya mkewe zikawa mabomba ya mafuta. Waya mwembamba wa gitaa aliuzungusha juu ya waya mnene, ukatoa mpira wa kupitishia hewa wenye mbavu zake. Klipu za kubana mipira alizikata kwenye karatasi ya pakiti ya sigara, ingawa hakuvuta sigara. Aliokota pakiti barabarani, mtu mzima na heshima zake. Kama gari la kweli lina klipu kumi na moja, na lile dogo lilikuwa nazo kumi na moja. Kisha boneti inafungwa, na hakuna binadamu atakayeona chochote.

Mwaka 2004 mdogo wake alinunua pikapu kuukuu ya bluu aanze biashara ya vipuri, naye marehemu akamfungia turbo. Wiki moja baadaye, ikiwa imebeba giaboksi nne, turbo iliungua katikati ya mlima. Mwenye mali alikaa kando ya barabara siku mbili, akilala juu ya giaboksi zake. Hadithi hiyo ameisimulia kwenye kila harusi na kila kipaimara cha ukoo huu, mbele ya marehemu, na marehemu hakuwahi kujitetea. Alikuwa akiinamia sahani yake tu.

Mwaka 2018 mdogo mtu alitaka atengenezewe mfano wa pikapu ile, mdogo wa kukaa kwenye kiganja, auweke kwenye kioo cha duka. Akamwambia kaka yake ampe kwa mwezi mmoja. Kaka akasema miaka miwili. Wakavutana, wakakubaliana mwaka. Huyu mama amewashusha wafanyabiashara wagumu wa nchi tatu, lakini hapa alipigwa vibaya, maana mwaka huo mmoja uligeuka miaka sita. Bodi ilikuwa tayari 2019, na rangi yake iliyochujuka, na ule mbonyeo wa mlango wa kushoto. Kilichobaki ni bomba moja jembamba kama unywele, linalorudisha mafuta kutoka kwenye turbo. Alilibandika, akalibandua. Akalibandika, akalibandua. Mara sita.

"Kaka, nani atakayelala chini ya gari la kwenye kiganja kukagua bomba?"

"Mimi," akasema, akarudi kwenye kibanio chake.

Mwezi Novemba 2023 figo zilianza kumsumbua, na tarehe 20 Februari mwaka huu akalazwa. Wodini alimwomba nesi sindano zilizotumika, kwa kuwa mirija yake ilikuwa ya kipimo kizuri. Nesi alimkatalia, na familia inamshukuru. Mdogo wake alipokuja kumtazama alimwambia, kwa ukali wake wa kawaida, kwamba sasa gari litatoka bila lile bomba na dunia haitasimama.



"Lile la pikapu yako kubwa lilikuwa na kinundu," marehemu akasema. "Mafuta yale hayasukumwi, yanashuka yenyewe. Nililiona linapanda, nikasema litapita. Ulikuwa na haraka, mdogo wangu, nikakufuata. Hili lishuke."

"Kaka, humu hakuna mafuta."

"Najua."



Alifariki Jumanne tarehe 12 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 65. Ndani ya kopo la vifungo vya mkewe alikutwa ameacha bomba la saba, limekwisha kukunjwa, bado halijabandikwa. Jana mdogo wake, ambaye hajawahi kushika gundi, alikaa kwenye meza ile kuanzia asubuhi. Mara mbili lilimganda kidoleni. Mara ya tatu lilikaa likiwa na kinundu kidogo ambacho hakuna ambaye angekiona, na alikuwa na wageni wa kupokea. Akalibandua. Mara ya nne limeshuka.

Pikapu iko kwenye meza ya kitabu cha rambirambi, boneti wazi. Itazamwe kwa macho, si kwa vidole.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mdogo mmoja ambaye hana tena wa kumsema harusini. Mola ampumzishe kwa amani, na asimharakishe.