Soli na Programu Iliyomeza Barua

Benchi la kijiwe hiki limeegemea banda la Soli, fundi viatu, mahali ambapo mtandao haufiki hata uombe vipi. Ndiyo maana Soli aliipenda programu yake ya barua. Kila asubuhi alipitia dukani kwa mpwa wake penye mtandao, akabonyeza "Pokea", akaja kuzisoma barua za bintiye benchini, wenzake wakisikiliza na kahawa mkononi. Majibu nayo yaliandikwa hapohapo, kila mtu akichomekea lake. Jana barua mpya iliingia. Kabla hajaifungua, programu ikaomba, hukohuko dukani, aweke toleo jipya, naye Soli, muungwana, akakubali. Leo kompyuta iko magotini, programu inang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na ndani hamna hata barua moja.

KINYOZI: Nani alikutuma ubonyeze kitu hujakisoma? Na ule mjadala wangu wa mpira niliokuwa nikiuandika humo kwa anwani yako? Nilibakiza jibu moja tu nimnyamazishe yule bwana!

SOLI: Mpira wako utangoja. Mimi nataka barua ya mwanangu.

INJINIA: Sikiliza. Ya zamani ilikuwa imekuzoea. Hii mpya haikujui, inakuonea haya. Ipe siku tatu.

Huyu Injinia aliwahi kupiga redio kofi ikaongea, na jina likamganda.

SOLI: Siku tatu? Sibanduki hapa bila barua yangu.

KINYOZI: Basi zimerudi zilikotoka. Zimefika, zimekuta mlango una rangi nyingine, zikageuza.

INJINIA: Acha porojo. Zimekwama pembeni. Igeuze kichwa chini, uitikise!

Wakaigeuza. Ukadondoka msumari mmoja wa kiatu.

INJINIA: Umeona? Zimeanza kutoka.

Soli hakucheka. Akaweka miwani sawa, akaanza kufungua menyu moja baada ya nyingine, akisoma kila neno kwa kidole. Kahawa yake ikapoa. Kwenye menyu ya nne akakuta: "Leta barua kutoka toleo la zamani." Akabonyeza. Programu ikauliza ziko wapi, akaionyesha folda ya zamani, na barua zikaanza kumiminika.

KINYOZI: Fundi ni fundi tu! Soma, soma!

SOLI: "Baba, mguu umepona?"

INJINIA: Mguu tena! Kila barua mguu! Huyu mtoto tumemjibu mara ngapi?

SOLI: Usahaulifu wa mama yake huo. "Mguu umepona? Leo nauliza kwa mara ya mwisho. Ni miezi saba sasa hujanijibu hata neno moja. Kama nilikukosea, nisamehe. Sitakusumbua tena."



KINYOZI: Hujajibu vipi? Ile ya juzi si niliitunga mimi mwenyewe?

SOLI: Nimejibu zote. Hapahapa, mkiniona kwa macho yenu. Naandika, nabonyeza "Tuma", nafunga.

INJINIA: Basi huko aliko kuna mtu anamwibia barua. Tarishi, labda. Au jirani mwenye wivu.

KINYOZI: Jirani! Hapo umenena!

Muuguzi mmoja alikuwa amesimama nyuma yao, kandambili iliyokatika mkononi, akingoja fundi ageuke. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta.

MUUGUZI: Samahani, baba. Hizi barua ishirini na tisa kwenye kisanduku cha "Zitatumwa", zinasubiri nini?

Kinyozi akatazama ndani ya kikombe chake. Injinia akainamisha birika la kahawa, halikutoa hata tone.

— Dukani mimi hubonyeza "Pokea" tu, alisema Soli taratibu. Basi. Nabonyeza "Pokea", nakuja kwenu kubonyeza "Tuma" pasipo mtandao.

Akainuka. Hakuaga, hakufunga banda. Akaikumbatia kompyuta kifuani na kutimua mbio kuelekea kwa mpwa wake. Muuguzi akamwangalia mpaka alipokata kona. Miguu yote miwili ilikuwa mizima.