Ghorofa ya Nne, Lifti Mbovu

Katika basi la Dublin, mzee Fintan, mtia chumvi hodari, aliketi karibu na mama aliyepakata sufuria la viazi vibichi. "Mwanangu, unahama na jiko?"

"Nahamia jengo jekundu la mtaa wa Finglas. Miezi kumi na minne mimi na wanangu tunalala chumba kimoja cha hoteli ya wasio na makazi, kupika marufuku. Nisipochukua ufunguo kabla ya saa sita, wanapewa wengine."

"Kataa! Kuvu ya kuta zile imeota masharubu."

"Nitayanyoa, babu."

"Ghorofa ya nne, na lifti imekufa!"

"Miguu yangu haijafa."

Basi likasimama. Fintan, ambaye hakuwa na safari ya huko, akalinyakua sufuria. "Bado nasema ukatae," akafoka, akatangulia kushuka.