Kunde za Pindo Zagoma Kuzaa

Kwenye benchi la nje ya kinyozi, kahawa ilikuwa inamiminwa mara ya pili na Fundi Pindo, mshona nguo, alikuwa hajagusa kikombe chake. Alikuwa amepakata mche wa kunde alioung'oa asubuhi: mrefu kama kamba ya kuanikia, majani tele, ganda hata la dawa hakuna. Kijishamba kilikuwa cha mama mkwe wake. Alimpa msimu mmoja tu ajaribu, na leo anakuja kukitazama. Akikuta hivi, anakichukua. Roho ya Pindo ilikuwa juu juu.

– Umezidekeza, alisema Wembe, kinyozi mwenyewe. Kunde zikishiba hazizai.

– Hata mbolea sijatia!

– Basi zinaona haya, alidakia Konda, aliyestaafu ukondakta lakini si kelele. Si umezichanganya na mahindi? Majitu marefu, yana ndevu, yanaziinamia kutwa. Nani atazaa mbele za watu?

– Acha hizo! Jirani naye kachanganya, na zake zimezaa hadi basi.

– Mahindi ya jirani yana adabu.

– Mi naona zinataka kutoroka, alisema Wembe. Cheki huo mche ulivyojinyoosha. Unachungulia njia.

– Wiki ijayo utazikuta stendi, zimebeba mizigo! alimalizia Konda.

Benchi zima likacheka. Pindo naye angecheka, kama shamba lingekuwa la mwingine. Kilichomuuma ni kwamba alijitahidi. Mahindi aliyapanga kama anavyopanga vipande vya suruali juu ya kitambaa, kimoja kikibanana na kingine, kisipotee hata cha kufutia cherehani.

– Pale hakuna nafasi iliyopotea, alisema kwa uchungu. Hata ya kupenyeza kidole!

– Hodi hapo.

Wote wakasimama. Alikuwa mama mkwe, viatu vimejaa udongo wa shambani.

– Shikamoo mama, alisema Pindo, akiuficha mche mgongoni.

– Marahaba, baba. Nimetoka kuzunguka kule. Nina swali dogo tu.

– Sema, mama.

– Zile kunde, jua linazifikia kupitia wapi?

Wembe akamtazama Konda. Konda akalitikisa birika; lilikuwa tupu. Aibu ilimshika Pindo hadi masikioni.

Mama mkwe akanyoosha mkono.

– Nipe hiyo futi yako ya kupimia. Msimu ujao napima mimi, wewe unachimba.

Pindo akaivua shingoni, akamkabidhi kwa mikono miwili.